Mtu wa Kuvuka Naye Mto

Tulimzika Papa Sumaili hapa Kasongo mwezi wa saba, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walipoondoka na jeneza mimi nilibaki uani na akina mama, nikichagua mchele kwenye ungo, maana watu wa kulishwa walikuwa wengi kuliko tulivyotazamia. Waliposikia tu kwamba amezidiwa, walikuja hata kutoka ng'ambo ya mto Luama, upande wa Kabambare, siku mbili za pikipiki na vumbi, na baadhi yao walikuwa vijana walioota ndevu ambao marehemu aliwachanja walipokuwa bado mgongoni kwa mama zao. Waliporudi kutoka makaburini, mzee mmoja wa kule alisimama karibu na mlango, akasema kwamba Sumaili alikuwa mtu wa mto, kwamba maji yalimjua kwa jina, na kwamba yeye hajawahi kumwona mtu mwingine aliyeumbwa kwa ajili ya mtumbwi namna ile. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi niliinama juu ya ungo wangu. Nilijua kwamba Sumaili hakujua kuogelea, si wakati ule wala baadaye, na kwamba aliyempeleka mtoni ni mimi. Sikumpa ushauri wala amri. Nilitafsiri vibaya maneno saba ya Kiingereza. Leo mimi ni mwalimu wa lugha hiyo, wanafunzi husimama ninapoingia darasani, na kila nikisahihisha madaftari yao huukumbuka mwaka ule mmoja, ambao nataka kuusimulia kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na Kiingereza cha darasani na majivuno makubwa kuliko hicho Kiingereza. Shirika moja la madaktari wa kigeni lilikuwa limekodi nyumba ya matofali si mbali na soko, ili kuchanja watoto wa Kasongo na Kabambare dhidi ya surua. Wote mle ndani walizungumza Kifaransa na Kiswahili, isipokuwa mkuu wao, mama wa Kimarekani tuliyemwita Daktari Ruti, mrefu, mwenye umri wa bibi yangu, aliyeketi na miguu yake imenyooka mbele kama mtu aliyeshuka sasa hivi kutoka juu ya mnyama. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando yake na kugeuza maneno. Chumba chetu kilikuwa na meza mbili, ramani iliyoliwa na mchwa pembeni, na ukuta wa mbao uliotutenga na biro, yaani ofisi, ya pili, mbao nyembamba kiasi kwamba mtu akikohoa upande ule ulitaka kumwambia pole. Nyuma kulikuwa na chumba chenye giza na baridi kidogo, harufu ya mafuta ya taa haikutoka humo kamwe. Hapo ndipo lilipokuwa friji la chanjo, lililowashwa kwa mafuta hayo, na hapo ndipo alipokuwa Sumaili.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, mwenyeji wa vilima vya kuelekea Salamabila, ambako alisema mito ni midogo na mtu huivuka kwa kuruka. Alilitunza lile friji kama mtu anavyomtunza mgonjwa. Alilipangusa, alisafisha utambi wake, asubuhi na jioni aliandika kiwango cha baridi kwenye kaye, daftari lake, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Mchana Mama Zainabu, mpishi wetu, mwanamke wa familia za zamani za mjini, alitandika mkeka barazani na kuleta wali, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mekundu, na samaki wa Lualaba wakiwa wamekatwa vipande vikubwa. Sisi tulikula kwa kelele. Sumaili alikula baada yetu, kwenye kigoda, mlango wa chumba cha friji ukiwa wazi ili auone ule mwali mdogo wa bluu.

Daktari Ruti alikuwa na Kiingereza ambacho vitabu vya kambini havikukijua. Akisema mtu ni mvivu, hakusema mvivu. Alisema jambo fulani kuhusu kuku na mvua. Mimi nilikuwa nimejifunza kutikisa kichwa. Nisipoelewa, nilitafsiri kile nilichodhani mtu mwenye akili angesema mahali pale, na kwa miezi mitatu hakuna aliyenikamata. Nayaandika haya bila kujitetea. Kila siku iliyopita bila aibu ilinifanya niamini kwamba hakuna neno nisilolijua.

Kisha Daktari Ruti alikwenda Salamabila na Sumaili, na masanduku ya chanjo nyuma ya pikipiki mbili. Ilitakiwa kuwa safari ya siku nne. Walirudi siku ya tisa, yeye amekonda, ngozi imekuwa ya manjano, Sumaili ametembea mpaka viatu vimefumuka. Mama Zainabu aliuliza kulikoni. Sumaili akajibu tu, "Njia ilikuwa mubaya." Mchana ule Daktari Ruti hakuketi mkekani nasi. Alichukua sahani yake, akaenda kuketi sakafuni karibu na kigoda cha Sumaili, wakala bila kuzungumza, maana hawakuwa na lugha moja. Mimi nilichukia kidogo. Nilisimama pale nikingoja kuitwa nitafsiri, na hakuna aliyeniita.

Juma moja baadaye homa yake ilirudi kwa nguvu, na ndege ikamchukua. Aliondoka hajitambui vizuri. Mezani aliacha daftari ambamo alikuwa ameandika neno moja au mawili juu ya kila mfanyakazi. Docta Lukali, daktari kijana kutoka Kindu aliyeshika nafasi yake, aliniletea daftari lile akasema, "Mamzele Furaha, unitafsirie hii yote. Mu Kifaransa, vizuri. Ndiyo itaonyesha nani anabaki na nani anaenda."

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Juu ya Mama Zainabu kulikuwa na sifa za mikono yake. Juu yangu aliandika: mwepesi, naye anajua kwamba ni mwepesi. Niliisoma mara tatu, uso ukawaka, kisha nikaandika kwa Kifaransa: mwepesi wa kuelewa. Nikafika kwa Sumaili. Daktari Ruti alikuwa ameandika, kwa wino uliokandamizwa kuliko mahali pengine pote: "He'll do to ride the river with." Ukiyachukua neno kwa neno, yalisema kwamba huyu atafaa kupanda naye mto. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Kupanda mto, kama mtu anavyopanda farasi? Kupanda chombo mtoni? Mto upi? Hakukuwa na friji katika sentensi ile, hakukuwa na bidii wala uaminifu, hakukuwa na kitu ambacho ningekiweka mahali pake kama nilivyozoea.

Nyuma ya ukuta wa mbao nilimsikia Docta Lukali akizungumza na katibu wake. Friji linahamishiwa hospitalini, alisema, na kule kuna mtu wao. "Basi huyu muzee wa friji tutamurudisha kwao." Katibu akauliza kuhusu kituo cha Luama, ambacho hakikuwa na mtu tangu mtumbwi ulipopinduka na aliyekuwa pale kukataa kurudi. "Pale," Docta Lukali akasema, "ningepata mutu mwenye anajua maji, ningemutuma leo."

Nimejiuliza miaka yote hii ni kipi kilichousukuma mkono wangu. Ningependa kusema kwamba nilitaka kumwokolea Sumaili kazi yake, na ni kweli niliwaza hivyo. Lakini kilichotangulia, na kilichokuwa kizito zaidi, ni kwamba sikutaka kuingia kwenye biro ile na kusema kwamba kuna sentensi ya maneno saba ambayo siijui. Niliandika: anafaa sana kwa safari za mtoni.

Docta Lukali alituita mimi na Sumaili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetatuliwa shida yake. "Papa Sumaili, sikujua kama uko mutu wa maji."

Sumaili aliitazama karatasi mezani. "Ni Docta Ruti aliandika vile?"

"Yeye mwenyewe. Mamzele ametafsiri."

Akanigeukia. Alikuwa na macho mapana, yasiyo na haraka. "Ni vile aliandika, mwanangu?"

"Ndiyo, Papa," nikasema.

Aliitazama karatasi tena, kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuuinua. "Basi nitaenda," akasema, na kesho yake akaondoka kwenda Kabambare.

Nilimsahau, au nilijitahidi kumsahau, mpaka msimu wa mvua, Docta Lukali aliponichukua kwenye ukaguzi. Tulilala Kabambare, asubuhi tukashuka mpaka Luama. Nilikuwa nimezoea Lualaba, mto mpana unaotembea kama mtu mwenye mali. Luama ya mwezi ule ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa nyekundu, imepanda mpaka kwenye migomba, inabeba matawi na povu, na sauti yake ilikufanya uzungumze kwa kupaza. Sumaili alitupokea kwenye kibanda cha udongo kilichofagiliwa vizuri. Alikuwa anajiandaa kuvuka. Sanduku la chanjo alikuwa amelifunga kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la gari, ili mtumbwi ukipinduka lielee. Docta Lukali alisifu akili ile, akabaki kibandani kusoma madaftari. Mimi niliomba kwenda.

Mwenye mtumbwi, mtu mmoja aitwaye Kabemba, alinisaidia kupanda. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba naogopa, ila afadhali tupo na mtu wa maji. Alinitazama kama vile nimemtania. "Nani? Sumaili? Huyu hajue kuogelea. Akianguka atashuka kama jiwe. Siku ya kwanza nilimushika mukono kama mutoto."

Nilimtazama Sumaili aliyeketi katikati, magoti pamoja, mkono juu ya sanduku. Midomo yake ilikuwa inatembea katika dua. Ndipo nilipoona kwamba ule mpira uliofungwa kwa ajili ya chanjo haukuwa na mwenzake kwa ajili ya mtu.

Tulivuka salama. Ng'ambo, wanawake walikuwa wamekaa chini ya paa la majani na watoto wao, na walipomwona walianza kuwafungua watoto migongoni kabla hajawaambia. Alimwita kila mtoto kwa jina. Kurudi, tulipanda na mama mmoja mwenye mtoto wa homa aliyepaswa kufikishwa Kabambare. Tulipofika katikati, shina la mti lilitokea juu ya maji, jeusi, refu kuliko mtumbwi, likija ubavuni kwetu. Kabemba alianza kupiga kasia kwa nguvu bila neno. Yule mama aliinuka. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu yangu, na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba tunakufa.

Sumaili hakuinuka. Alimshika yule mama kitambaa cha kiunoni, akamkalisha taratibu, akafungua kamba ya mpira kutoka kwenye sanduku lililokuwa sasa tupu, akampitishia mama kichwani na mtoto ndani yake. Na alipokuwa akifanya hayo alikuwa anazungumza. Alimuuliza mpunga wake umefika wapi. Alimuuliza kama ndege wameanza kula, na ni nani anayewafukuza asubuhi. "Na ule wa kule bondeni, mumeisha kupalilia?" Mama akajibu kwamba bado upande mmoja. Shina likapita nyuma yetu, karibu kiasi kwamba niliona sisimizi wakikimbia juu yake. Sumaili akauliza upande upi.

Tulipofika ukingoni alimsaidia mama kushuka, akamwelekeza kwenye pikipiki. Kisha akaenda nyuma ya kibanda. Nilimfuata nikidhani kuna kitu amesahau. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani, anatapika. Kabemba alinivuta nyuma. "Muache. Ni vile kila mara," akasema. "Akivuka, anatapika. Kisha juma ingine anakuja tena." Nilihesabu majuma tangu alipoondoka Kasongo. Nimewaona watu mashujaa tangu wakati ule, wenye bunduki na wasio na bunduki. Sijamwona mwingine aliyenifanya nishushe macho namna ile, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Nilipofika Kasongo nilimwandikia Daktari Ruti. Nilimwambia nilichofanya, nikamuuliza maana ya maneno yake. Jibu lilikuja kwa mkono wa msafiri wa ndege baada ya miezi miwili. Alieleza kwamba kwao, nchi ya ng'ombe, babu zake walikuwa wakiswaga makundi makubwa kwa siku nyingi juu ya farasi, na njiani kulikuwa na mito. Mto ukiwa umejaa, farasi hukosa pa kukanyaga, ng'ombe huchanganyikiwa, na mtu akianguka anaokolewa na yule tu aliye karibu naye. Kwa hiyo watu wale walitazamana kabla ya kuingia majini, kila mmoja akijiuliza angependa nani awe kando yake. Aliyechaguliwa na wengi ndiye aliyeambiwa maneno yale, nao hawakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Baba yake aliyasema mara mbili tu maishani. "Hayahusu mto hata kidogo, mtoto wangu," aliandika. Kisha akanisimulia zile siku tisa. Pikipiki moja iliharibika, madereva wote wawili wakaondoka na ile nyingine kutafuta kipuri na hawakurudi, na yeye akaangushwa na malaria katika kijiji ambacho hakukijua jina, hawezi hata kubebwa. Kila asubuhi Sumaili alikwenda kwa miguu mpaka Salamabila, kwa mtu aliyewauzia wachimba dhahabu vinywaji baridi, akaomba barafu, akarudi nayo mchana kwa ajili ya chanjo, kisha akamnywesha yeye maji kwa kijiko. Haikupotea hata chupa moja.

Nilimpelekea Docta Lukali barua hiyo na karatasi yangu ya Kifaransa. Alisoma zote mbili, akavua miwani. "Muambie akitaka arudi," akasema. "Tutamupatia nafasi hospitalini." Hakunifukuza. Nafikiri alijua kwamba kazi ya kumweleza Sumaili ilitosha kuwa adhabu yangu.

Sumaili alishuka Kasongo mwisho wa mwezi kuleta ripoti. Mama Zainabu alimpa wali na samaki, naye Sumaili akaketi kwenye kigoda chake cha zamani, na mimi nikaketi chini mbele yake. Nilimwambia yote. Aliacha kula, akanawa mkono, akaupangusa kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo Docta hakuandika ya kwamba mi najua maji."

"Hapana, Papa."

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua ya kwamba sijue."

Alisogeza sahani kando. "Mi niliwaza, huyu Docta ameona kitu ndani yangu chenye mi mwenyewe sijakiona. Kila nikipanda mutumbwi nilikuwa najiambia, leo labda kitatoka."

"Unisamehe, Papa."

"Nimekusikia." Alinigeukia. "Ungesema hujue, wangenirudisha nyumbani. Juu ya ile sikukasirikii. Nakukasirikia neno moja. Nilikuuliza, mwanangu. Mbele ya Docta Lukali nilikuuliza kama ni vile aliandika. Ukaniangalia mu macho, ukasema ndiyo."

Nilikiri kwamba ndivyo nilivyofanya. Ndipo akaniomba nimwambie sasa maana yenyewe, na nikamweleza habari za ng'ombe na farasi na watu wanaotazamana kabla ya kuingia majini. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nikamwambia kwamba akipenda anaweza kurudi.

"Na ng'ambo ataenda nani?"

"Sijue, Papa."

"Iko watoto wanangoja sindano ya pili," akasema. "Nibaki kwanza mpaka wapate mwingine." Mwingine hakupatikana, na alibaki mpaka miguu ilipomkatalia.

Kisha akavuta kigoda karibu na meza yangu, akataka kumjibu Daktari Ruti. Nilitwaa karatasi. "Muambie nimepata salamu yake, na chanjo iko muzuri," alisema. "Muambie tena, siku ya tatu kule Salamabila nilifika kwa muuza barafu, nikakaa chini, sikutaka kurudi. Niliwaza nitamukuta amekufa, na mi niko peke yangu na maiti ya muzungu. Nilikaa mpaka barafu ikaanza kutoka maji. Ndiyo nikasimama. Asifikiri sikuogopa. Aandike vizuri mu daftari yake." Niliandika yote kama alivyoyasema, na kila mahali nilipokosa neno la Kiingereza nilimwambia nimelikosa, naye akalisema tena kwa njia nyingine, bila haraka, mpaka nikalipata.